Fulana Isiyo na Sufu

Tazama fulana uliyovaa. Huenda haina hata uzi mmoja wa sufu. Ni pamba au poliesta, imefumwa kwa vitanzi vidogo vidogo kama sweta. Lakini jina lake, flana kama tunavyolitamka mtaani, ni la ukoo wa flannel ya Kiingereza na flanela ya Kireno. Na ukoo huo, kwa maelezo ya wanaisimu wengi, unarudi Wales, kwenye neno gwlanen, yaani kitu cha sufu. Katika The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare, Falstaff anamkebehi mchungaji wa Wales kwa kumwita flaneli ya kwao. Kebehi hiyo haina maana kama hujui kitambaa kile kilikuwa cha nani.

Flaneli ya asili ni ya sufu. Ikishafumwa, uso wake hukwaruzwa mpaka utoe vinyweleo laini. Vinyweleo hivyo hukamata hewa, na hewa ndiyo inayotunza joto. Ile ya kijivu hushonwa suti. Canton flannel ni ya pamba, imekwaruzwa upande mmoja tu. Lipo pia shati nene la drafti, lile unalolitafuta kwenye mitumba ya Karume ukijua mwezi wa saba utakuwa Njombe. Halafu kuna flannelette: pamba, laini, bei chee.

Hii ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha. Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, familia maskini ziliwashonea watoto nguo za kulalia za flannelette. Ukiishika, unaona ni flaneli. Kwenye moto mambo yalikuwa mengine kabisa. Sufu hushika moto kwa shida. Vinyweleo vya pamba hudaka cheche, na moto ukatambaa nguo nzima kufumba na kufumbua. Nyumba nazo zilipashwa joto kwa moto wa wazi. Watoto waliungua, wengine wakafa. Ikatafutwa dawa ya kukikinga kitambaa, na wapo waliokinadi kuwa hakishiki moto wakati kinashika. Mwaka 1913 Bunge likatunga sheria ya kuzuia madai hayo.

Sisi wapenzi wa lugha hufurahia maneno yanayosafiri na kubadilika. Fulana ilivuka bahari, ikaiacha sufu njiani, na hakuna aliyeumia, kwa sababu anayeuza fulana Dar hamwahidi mtu sufu. Flannelette ilibaki palepale nyumbani kwa flaneli, ikala heshima ya jina lake, na mama aliyenunua akaamini anapata kilekile kwa bei ya kumudu.

Kwa hiyo dukani naanza na lebo ya ndani, ile ndogo ya asilimia: pamba ngapi, sufu ngapi. Jina kubwa la mbele ni la muuzaji.