Kujihurumia

Lipo katika Kiingereza neno self-pity, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kulifasiri kwa neno kujihurumia. Nilifanya hivyo bila ya wasiwasi, maana viungo vyake vilionekana kulingana: nafsi kwa nafsi, huruma kwa huruma. Aliyenionyesha kosa langu ni shangazi yangu, mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo.

Julai iliyopita nilikuwa Mlangali, wilaya ya Ludewa, katika matanga ya mama yangu. Katika milima ya Njombe huo ni mwezi wa baridi kali. Lakini usiku wa pili niliondoka penye moto, nikaketi nje peke yangu, nikakataa ugali na maharage niliyoletewa. Mtu mzima wa miaka 46, nilijiona kama yatima wa kwanza duniani. Kisha nikaona haya, kwa kuwa nilikumbuka neno lile. Kwa Waingereza ni neno la lawama, na kitenzi wanachopenda kuliandamanisha nalo ni kile cha mnyama anayegaagaa matopeni. Basi nikawa na uchungu wa aina mbili, wa msiba na wa aibu.

Shangazi akatoka na blanketi, akanifunika mabega. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili wageni waliotoka mbali nao wanihimize:

"Mwanangu, jihurumie. Ingia ndani ule."

Jihurumie! Mwingereza gani angemwamuru mfiwa kutenda jambo la aibu? Lakini kwetu mlevi huambiwa ajihurumie, na vivyo hivyo mtu anayefanya kazi bila ya kupumzika. Kujihurumia ni kuiondolea nafsi madhara. Mimi nilikuwa nikitenda kinyume chake pale gizani, huku nikikiita kinyume hicho kwa jina lake.

Kiungo -ji- hakina hukumu ndani yake. Kujitunza ni sifa. Kujiona ni kiburi, ijapokuwa kuona si kosa. Na huruma ina jamaa wema kimaana: rehema na marehemu, yaliyozaliwa na shina moja la Kiarabu, naye marehemu ni mtu aliyerehemiwa. Tangu juzi yake nilikuwa nikimwita mama kwa jina hilo mbele ya watu, nami mwalimu wa lugha sikuisikia huruma iliyomo.

Neno gani basi lifae? Kujisikitikia kuna upole uliozidi. Kudeka kuna ukweli wake, lakini anayedeka anaye mtu wa kumdekea. Naona kujililia kunakaribia zaidi, kwa kuwa ni machozi ambayo mwenyewe ndiye mliaji na ndiye mliliwa.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliandika hivyo katika mtihani, nami nikampunguzia alama. Nimempelekea habari aje ofisini na karatasi yake.