Ngoma Tano, Mikono Miwili

Wenzangu wa bwenini huniuliza swali moja kila muhula, na mzee wetu wa stoo huniuliza lilo hilo: Kwa nini mtu mwenye mikono miwili awe na ngoma tano? Kama zingekuwa za namna mbalimbali wasingeuliza. Lakini zote ni za namna moja, ile ngoma ndogo ya bendi ambayo chini yake hupitishwa nyuzi za chuma, ikipigwa ikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba nijibu kabla sijaondoka shuleni, nami nalikubali upesi, maana tangu likizo iliyopita ngoma si tano tena.

Kwanza yafaa msomaji asiyepiga ajue kitu chenyewe. Ngoma ya nyuzi ina ngozi mbili. Ya juu ndiyo ipigwayo. Ya chini haiguswi na kijiti hata siku moja. Ni nyembamba mno, hata ukiielekeza dirishani waona vidole vyako upande wa pili. Juu ya ngozi hiyo ya chini, kwa nje, hutandazwa nyuzi zilizosokotwa kama springi ndogo, mara nyingi 20, zikashikwa kila mwisho na kibati. Ukipiga juu, hewa iliyomo ndani ya mzinga huisukuma ngozi ya chini, nayo huzirusha nyuzi, nazo hurudi kuipiga. Ule mchakacho mkali unaousikia uwanjani si wa kijiti, ni wa nyuzi. Ubavuni pana kitasa kidogo. Ukikilegeza, nyuzi huachana na ngozi, na ngoma hurudi kulia du, du, kama ngoma nyingine yoyote.

Tena nyuzi hizo zina masikio. Stoo ya bendi imepakana na chumba cha tarumbeta. Kuna noti ambayo mwenzangu akiipuliza, ngoma moja rafuni hujibu peke yake bila kuguswa na mtu. Akipanda noti nyingine, hiyo hunyamaza na jirani yake huanza kutetemeka. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walidhani mna pepo, na wawili walikataa kutumwa huko jioni. Hapana pepo. Kila mzinga na kila ngozi vina sauti yavyo, na vikiisikia sauti hiyo ikitoka mahali pengine huitikia. Basi jibu langu la mikono miwili ndilo hilo: kama ngoma tano zingekuwa kitu kimoja, zingeitikia noti moja.

Ya kwanza naliirithi nilipokuwa kidato cha pili. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpigaji katika bendi ya polisi, na Kiswahili hiki ninachoandika kilitoka kwake, maana hapa Uganda kambi za polisi na za jeshi zimekuwa shule za Kiswahili tangu zamani. Nyumbani kwetu amri zilitolewa kwa Kiswahili, na maneno ya huruma kwa lugha ya nyanya. Ngoma yake ni ya Premier, kampuni ya Waingereza iliyoanza mwaka 1922. Mzinga wake ni wa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, upana wake inchi 14. Aliinunua mnadani ilipokwisha kuchakaa, akaitengeneza mwenyewe.

Babu alikishika kijiti cha kushoto kiganja kikiwa juu, kama mtu ashikaye kijiko cha mchuzi. Nalimcheka mpaka aliponieleza. Hapo kale mpigaji wa jeshi katika Ulaya alikuwa akiivaa ngoma kwa mkanda begani, ikaning'inia ubavuni ikiwa imeinama, na mkono wa kushoto ulipaswa kupita juu ya ukingo ulioinuka. Siku hizi ngoma huwekwa sawasawa juu ya kigoda cha chuma, lakini wapigaji wengi hawakuuacha mshiko ule, na babu alikuwa mmoja wao. Ngoma hiyo hiyo ya askari ndiyo iliyowavuta vijana wa Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, wakaziiga bendi za Wazungu na kuunda ngoma yao iitwayo beni; na vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza pamoja na maaskari na wapagazi, hata Kongo na Nyasaland. Mwalimu Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya habari hiyo, kilichotoka mwaka 1975. Nataja haya kwa ajili ya wenzetu wasemao kuwa bendi ni mchezo wa wageni tu. Mambo ambayo babu za babu zetu walikwisha kuyacheza ni ya wageni mpaka lini?

Ya pili naliinunua soko la Owino, Kampala, kwa muuza vyuma chakavu. Ni ya chuma cha pua, haina jina, na nyuzi hazikuwamo. Nalizifumua waya za breki ya baiskeli, nikazikata sawa, nikazifunga kwenye vibati viwili vya kopo. Sauti yake ni kali kama mke mwenye wivu, haifai kanisani, lakini uwanja ukijaa watu wa tarehe 9 Oktoba hakuna nyingine inayofika mpaka nyuma.

Ya tatu ndiyo iliyoleta maneno. Kanisa moja huko Jinja lilikuwa na seti ya ngoma iliyoachwa na mmisionari Mmarekani, nami nikaitwa likizoni kuikarabati. Nalipoifuta vumbi ile ndogo, nikasoma Ludwig, Chicago. Hiyo ni kampuni iliyoanzishwa na ndugu wawili mwaka 1909, na sifa yake ilienea sana baada ya tarehe 9 Februari 1964, Ringo Starr wa Beatles alipoonekana na Wamarekani katika televisheni, jina la Ludwig likiwa limeandikwa mbele ya ngoma yake kubwa. Niliyoishika mimi ni ile waiitayo Supraphonic. Mzinga wake ni wa alumini uliopakwa kromu, na mwenye macho huitambua kwa vidonda vidogo vidogo, kwa kuwa kromu haishikamani vema na alumini, hufura na kubanduka baada ya miaka mingi. Mzee wa kanisa akaniambia niichukue iwe ujira wangu, maana wao walikuwa wamekwisha kupewa ngoma za umeme. Nalimwambia wazi kuwa ni kitu cha thamani. Akasema, "Mwanangu, mali isiyolia si mali. Ichukue ikalie."

Ililia. Sijui kueleza kwa maneno. Ngoma ya chuma cha pua hupiga kelele baada ya kipigo, na ya mbao humeza kipigo. Hii ya alumini ilisema neno lake ikanyamaza. Ukiigusa kwa kidole ilijibu, ukiipiga kwa nguvu zako zote haikusongwa. Siku ya Mashahidi, tarehe 3 Juni, niliipiga katika maandamano, na mwalimu wetu wa bendi, ambaye hasifu kitu, alinitazama mara mbili.

Ya nne tuliitengeneza wenyewe, mimi na fundi seremala wa shule, kwa mti wa mvule. Watu hudhani gogo huchimbwa kama ngoma za kwetu. Sisi tulikata vipande 16, kila kimoja upana wa inchi 2 na robo tatu, tukazipasua kingo zake kwa mshazari wa digrii 11 na robo. Kingo ni 32, na ukizijumlisha digrii zake wapata 360, yaani duara kamili. Fundi alinionya kuwa nikipunguza nusu digrii tu kwa kila ukingo, mwishoni pengo litakuwa la digrii 16, na gundi haijazi pengo. Tulipima siku tatu, tukakata siku moja. Kisha nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Nalizigeuza zile za Premier na Ludwig nikaona ukingo wa chini hauko sawa: pale nyuzi zinapopita umechongwa kidogo, kina cha unene wa sarafu, ili nyuzi zilale zikiigusa ngozi kote. Bila vibonde hivyo viwili ngoma huunguruma tu kama nzi koponi. Kwa hiyo zile za mbele ndizo zilizokuwa kitabu cha hii ya nne.

Juu tuliiwamba ngozi ya mbuzi, kwa kuwa ngozi za plastiki ni ghali. Zamani zote zilikuwa za ndama. Ni mwaka 1956 na 1957 ndipo Wamarekani Chick Evans na Remo Belli walipoanza kutengeneza za plastiki, na wapigaji wakapumzika na taabu ya hali ya hewa. Mimi taabu hiyo naijua. Wingu likitanda, ngoma ya mvule hulegea ikalia kama gunia. Jua likichoma hukaza mpaka nikahofu itapasuka. Hapana budi nikeshe nayo kama mgonjwa.

Ya tano ni ya shaba ya manjano, fupi, kimo chake inchi 3 tu. Naliibadilisha kwa baiskeli. Baba hakupendezwa, na mimi hutembea kwa miguu.

Sasa nije kwenye habari ya likizo. Dada yangu mdogo alikwisha kufaulu darasa la saba na kupata nafasi katika shule ya bweni. Karo, godoro, sanduku, sare na vitabu vilizidi mshahara wa baba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Wakati huo huo mfanyabiashara mmoja wa Kampala, anayewauzia wapigaji wa mahotelini, alisikia habari za ngoma zangu akaja mpaka nyumbani. Alizigonga moja moja kwa ukucha. Kwa Ludwig alitaja shilingi 1,100,000, kwa ya babu 400,000, kwa ya shaba 300,000. Ya chuma cha pua akaiweka kando. Ile ya mvule aliizungusha, akacheka, "Huu ni mzinga wa nyuki, bwana mdogo."

Baba alikuwa ameketi barazani. Nilitazamia aseme uza, au aseme usiuze. Alisema, "Ni zako. Mimi sikununua hata moja." Kisha akaingia ndani, nikabaki na yule bwana, na dada yangu akichungulia mlangoni.

Nikapiga hesabu. Vilivyohitajika ni shilingi 950,000. Ya babu na ya shaba zikiungana hazikufika, na ningebaki bila mbili. Ludwig peke yake ilitosha na kuzidi. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine. Ya babu naweza kukuta mfano wake. Mkono wake juu ya ukingo ule, mahali rangi ilipolika, siwezi kukuta. Ludwig kiwanda kilitengeneza nyingi, na zinazofanana nayo zipo duniani. Ilikuwa bora kuliko zote, nami sikuipenda kuliko zote. Mambo hayo mawili sikuwahi kuyatenganisha mpaka siku ile.

Nalimwomba yule bwana anipe usiku mmoja. Akakubali, akalala mjini. Nalikaa nyuma ya jiko nikaipiga polepole, nyuzi zikiwa zimelegezwa ili majirani wasiamke, kisha karibu na alfajiri nikazikaza nikapiga mfululizo mmoja kama inavyopaswa. Dada yangu akatoka na shuka lake. "Kaka," akasema, "ndiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akaketi, akasikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu tena. Asubuhi aliibeba mwenyewe kichwani mpaka kituo cha teksi, hakutaka nimsaidie.

Tulipofungua muhula mwenzangu alipuliza tarumbeta yake, naye hakuwa na habari. Akapanda noti zake kama kawaida, ngoma zikajibu moja moja, na alipofika ile ya Ludwig chumba kilikaa kimya. Akaipuliza tena, akidhani amekosea yeye.

Dada yangu aliniletea barua wiki iliyopita. Yuko katika kwaya, na amekuwa wa nne darasani. Anauliza kama shuleni kwao wasichana waruhusiwa kupiga ngoma ya nyuzi; nimemjibu amwulize mwalimu wake, na ya shaba naiweka kwa ajili yake.

Mimi nitaondoka mwezi wa Desemba, mtihani ukiisha. Ya babu nakwenda nayo. Ya chuma cha pua na ya mvule nawaachia wadogo wa bendi, kwa sharti kwamba ya mvule isianikwe juani na isisahauliwe mvuani, na kila Jumamosi mtu mmoja akaze parafujo zake kwa kuvuka, moja ya huku kisha ya upande wa pili, asizifuate kwa mzunguko, maana ngozi huvutika upande. Nimemfundisha kijana mmoja wa kidato cha pili. Ana mkono mzuri na hana haraka.

Nanyi wazee wetu mliopitia shule hii, wengine mlikuwa katika bendi, na najua majumbani mwenu kuna vitu vilivyolala chini ya vitanda. Bendi yapungukiwa na ngozi mbili za inchi 14, moja ya juu na moja nyembamba ya chini, na seti moja ya nyuzi 20, kwa kuwa zile za waya za breki zimekatika tatu. Vikuukuu vitafaa. Mwenye navyo ampelekee mwalimu wa bendi kabla ya tarehe 9 Oktoba.