Miche Inaposubiri Mvua: Siku Nne za Vijana Wetu Nyeri

Aishiye Garsen au Kipini hulima na kuvua kwa maji yaliyoanza safari mbali sana. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hukusanya maji yake kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, kisha huteremka takriban kilomita 1,000 hadi Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo, vijana wetu wa sekondari walipoamua kuitumia likizo ya Aprili kwa kazi ya kujitolea, walichagua kwenda kupanda miti Nyeri, kwenye chanzo cha neema hiyo.

Tulisafiri kwa garimoshi hadi Nairobi, kisha kwa basi kupitia Thika, Sagana na Karatina, mji wenye soko linalofurika viazi, kabichi na karoti. Nyeri imekaa baina ya milima miwili, na baridi yake si ya mzaha: maji ya udhu wa alfajiri yaliwatetemesha hata waliojigamba njiani. Saa hiyo ndipo kilele cha Batian, chenye mita 5,199, huonekana wazi kabla ya mawingu kukistiri.

Tulikusudia kupanda miche 300 kando ya kijito, upande wa Tetu, tukiwa wageni wa kikundi cha akina mama wakulima. Lakini masika yalikuwa yamechelewa. Mama mkuu wa kikundi alichimba kwa jembe, akatuonyesha udongo mkavu hadi chini, akasema, "Wanangu, mkipanda leo mtakuwa mmepanda kuni."

Neno hilo lilikuwa zito. Michango ya wazazi ilikwisha kutolewa, na nyumbani picha zilikuwa zikingojewa. Baadhi ya vijana walishikilia kwamba miche ipandwe hivyo hivyo, ahadi itimie. Tulipokutana baada ya sala ya Isha, binti mmoja aliuliza: tumekuja ili tupande, au tumekuja ili miti iwepo?

Jibu lilikuwa katika historia ya mahali penyewe. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 Ihithe, papo hapo Nyeri. Jaribio lake la mwanzo la kukuza miche jijini Nairobi lilikwama, na mingi ikakauka. Mnamo tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miti saba Kamukunji. Mingi kati yake haikuishi. Miche ya idara ya misitu ilipokuwa haitoshi, hakuiacha azma yake; aliibadili njia. Akina mama wa vijijini wakaotesha miche yao wenyewe, hata katika vyungu vilivyovunjika, na wakalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kufikia mwaka 2004, alipotunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani, vuguvugu lake lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30.

Basi siku tatu zilizosalia tulizitumia kwa kazi ambayo wenyeji waliihitaji saa ile. Wavulana walichimba mashimo 300, wakayatia samadi yasubiri mvua, wakakaza ua dhidi ya mbuzi. Wasichana walichekecha udongo, wakajaza viriba, wakaezeka kivuli cha kitalu kwa nyasi. Asubuhi na jioni wote walibeba maji. Fedha za matembezi ya Nanyuki, kwa ridhaa ya wazazi, zilibaki kumlipa kijana wa pale amwagilie kitalu hadi mvua inyeshe. Kupanda kwenyewe tuliwaachia akina mama.

Kwa madrasa na shule zinazopanga safari kama hii, tunausia mambo matatu. Wenyeji waulizwe hali ya mahali kabla ya nauli kukatwa, na tena siku ya kuwasili. Pawepo kazi ya pili iliyotayarishwa, ili kikwazo kisigeuke uvivu. Na waliochanga waelezwe wazi kilichobadilika na sababu yake, kwani mchango ni amana.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba apandaye mti hupata sadaka kwa kila aulaye matunda yake, awe mtu, ndege au mnyama. Matunda hayaji ila kwa mti uliopona. Kwa hiyo hatukuwaomba akina mama wa Tetu watuhesabie miche watakayoipanda. Tumewaomba watuhesabie itakayokuwa hai mwakani.