Alhamisi za Ayvalık

Nilifika Ayvalık nikiwa nimeacha chuo wiki tano na sijamwambia mtu. Mathe alijua bado niko İzmir, darasani, nasomea uhandisi kwa Kituruki. Kila Jumapili alipiga simu na kuuliza, "Masomo?" nami nikajibu, "Yanaendelea." Ada haikuwa shida, ufadhili ulilipa. Shida ni kwamba nilianguka mitihani ya mwaka wa pili, nikairudia, nikaanguka tena, halafu asubuhi moja nikasimama stendi na basi la chuo likapita mbele yangu mara tatu bila mimi kupanda. Hakuna stori kubwa kuliko hiyo.

Rafiki mmoja wa darasani, ambaye babu yake ana shamba la mizeituni, aliniambia wanatafuta watu wa kuvuna. Ilikuwa Novemba na nilikuwa nimesota vibaya. Nikafunga begi moja, nikapanda basi la kwenda kaskazini, kama kilomita 150 ukifuata pwani ya Aegean.

Usifikirie Istanbul ya zile tamthilia. Ayvalık ni mji mdogo katika mkoa wa Balıkesir, na biashara yake kwa miaka mingi imekuwa mafuta ya zeituni na sabuni. Dohani za matofali za viwanda vya zamani bado zimesimama katikati ya nyumba, ingawa nyingi hazitoi moshi tena. Vichochoro ni vyembamba, vya mawe, na kuna paka kila mlango. Ukishuka hadi baharini unakiona kisiwa cha Lesbos, ambacho tayari ni Ugiriki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unatandaza wavu chini ya mti, unapiga matawi kwa fimbo ndefu, unakunja wavu, unatoa majani, unahamia mti mwingine. Siku ya pili sikuweza kuinua mkono kuchana nywele. Watu wakipita wanakuambia "kolay gelsin," yaani kazi ikuwie rahisi. Ni kama pole na kazi yetu, ila wao humwambia yeyote anayefanya lolote, hata mtu anayefagia tu mlangoni pake.

Alhamisi hatukuvuna mchana kutwa, kwa sababu Alhamisi ni soko. Kwa Kituruki siku hiyo ni Perşembe, neno lililotoka Kiajemi likiwa na maana ya siku ya tano, na Alhamisi yetu imetoka Kiarabu kwa hesabu ileile ya tano. Nilikuwa nakusanya vitu kama hivyo. Duka ni dükkan. Hesabu ni hesap. Sabuni ni sabun. Zeituni ni zeytin. Miaka miwili ya kufeli katika lugha ya watu, halafu unapata kwamba sokoni nusu ya maneno ulikuja nayo kutoka nyumbani.

Na soko nalijua. Mathe ana kibanda cha mboga Umoja, na kabla sijaanza shule nilikuwa nakokotwa naye Marikiti saa kumi usiku. Kwa hivyo niliingia soko la Ayvalık nikiangalia mambo ambayo mtalii haangalii: nani amepanga nyanya nzuri mbele na zilizobonyea nyuma, nani ana mizani anayoiamini, nani amekaa kwenye meza na nani amekaa chini. Wenye meza ni wachuuzi wanaozunguka mji hadi mji, kila siku na soko lake. Wanapiga kelele vizuri sana. Bei imeandikwa kwenye kipande cha katoni, kwa hivyo kwenye nyanya hakuna kubishana kwingi, lakini zeituni na jibini lazima uonjeshwe kwanza. Kijana wa chai anapita na sinia ya vigilasi, hamwagi hata tone. Kina nyanya wanavuta vikapu vya magurudumu na kukukanyaga navyo bila kuomba radhi. Wagiriki wa Lesbos nao huvuka kwa feri kuja kununua. Jua likishuka bei nazo zinashuka, na hilo lina jina lake kabisa, akşam pazarı, soko la jioni. Wewe na mimi tunajua ni kina nani huenda wakati huo. Mimi nilikuwa naenda wakati huo.

Waliokaa chini ni wanawake wa vijijini, na hapo ndipo nilikwama. Mbele yao kuna mafungu ya majani ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Yameokotwa milimani na kando ya mashamba baada ya mvua za kwanza. Moja nililijua kabla sijaambiwa, kwa sababu liliniwasha kidole: thabai, ileile ya kina cucu, ambayo wao huiita ısırgan. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mama mmoja mzee, niliyekuwa namwita teyze kama kila mtu anavyomwita mwanamke wa umri wake, alinitania kwamba nimenunua kama Mkrete. Kuna mzaha huko: ng'ombe na Mkrete wameingia shambani, mwenye shamba anapiga kelele, "Mwacheni ng'ombe, mfukuzeni Mkrete!" Ng'ombe atashiba, Mkrete hatabakiza hata jani. Nikauliza Wakrete wanatafuta nini huku. Akajigusa kifua. "Mama yangu," akasema, "alikufa hajui Kituruki vizuri."

Ndipo nilipoanza kuuona mji. Ule msikiti mkubwa wenye mnara wa saa, Saatli Camii, ulikuwa kanisa. Mwingine nao, Çınarlı, ulikuwa kanisa. Hadi 1922 Ayvalık ilikuwa karibu yote ya Wagiriki. Vita vya Wagiriki na Waturuki vilipoisha mwaka huo, wanaume walipelekwa bara kwenye vikosi vya kazi ngumu, na wanawake, watoto na wazee wakapakiwa kwenye meli. Mwandishi Ilias Venezis alikuwa kijana wa miaka 18 alipochukuliwa. Alirudi, wengi hawakurudi, na kitabu alichoandika kinaitwa kwa namba yake ya ufungwa, 31328. Kisha mnamo 30 Januari 1923, huko Lausanne, serikali mbili zikatia saini mkataba wa kubadilishana watu. Zaidi ya Wakristo milioni moja kwenda Ugiriki, wengi wao wakiwa wameshakimbia tayari, na Waislamu wapatao 400,000 kuja Uturuki. Kilichoangaliwa ni dini tu. Lugha haikuulizwa. Ndiyo maana nyumba za Wagiriki waliofukuzwa ziliingiwa na Waislamu wa Krete ambao nao walizungumza Kigiriki. Ebu fikiria: unafukuzwa kwenu kwa kuwa Mturuki, unafika Uturuki, mtaa mzima unakucheka kwa kuongea kama Mgiriki.

Kilichonimaliza kabisa ni neno lingine. Mjukuu wa yule teyze aliniangalia, akasema "Arap." Nikamwambia mimi si Mwarabu, mimi ni Mkenya. Teyze akacheka, akaeleza kwamba kwao mtu mweusi ndiye Arap, tangu zamani. Halafu akasema kitu huku akifunga mboga, kama anayetaja hali ya hewa: utotoni mwake walikuwa na majirani ma-Arap, na walizungumza Kikrete kumshinda hata mama yake.

Jioni hiyo nilimuuliza rafiki yangu. Yeye ndiye aliyenitajia Mustafa Olpak, mtu wa Ayvalık, aliyezaliwa 1953, fundi wa marumaru. Mwaka 2005 Olpak alichapisha kitabu kuhusu ukoo wake. Wazee wake walitekwa nchi ambayo leo ni Kenya, wakauzwa utumwani Krete, na wakati wa kubadilishana watu wakaletwa Ayvalık na Waislamu wengine wa kisiwa. Mwaka 2006 alianzisha hapohapo Ayvalık chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika. Mwaka uliofuata wakaifufua Dana Bayramı, sikukuu ya ndama ambayo mababu zao walikuwa wakiisherehekea eneo la İzmir. Alifariki 2016. Kitabu nilikisoma polepole, na kamusi, kuliko nilivyowahi kusoma chochote cha chuo. Jina lake linaanza na neno Kenya. Nilikiweka kando ya kitanda, neno hilo likiniangalia.

Sitaki kujidanganya kwamba mimi na watu hao ni kitu kimoja. Mimi nilikuja na pasipoti na ufadhili, na tiketi ya kurudi naweza kuomba. Wao waliondolewa wasirudi, na kizazi kilichofuata kikanyamaza ili kipate kuishi. Lakini nilikuwa kwenye mji wa watu walionyamaza, nikiwa na kijisiri changu cha Jumapili, na kilianza kuniaibisha kwa udogo wake.

Alhamisi yangu ya nne nilimpigia mathe kwa video kutoka sokoni, mchana. Nilitaka tu aone. Nikageuza simu kwenye majani.

"Wee! Hiyo si thabai?"

"Ndiyo."

"Na wanauza? Pesa ngapi?" Nikamwambia. Akapiga hesabu, akaguna. Kisha akanyamaza kidogo. "Leo si ni Alhamisi? Huna darasa?"

Nikamwambia. Pale pale, katikati ya watu, kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa. Nilisema yote, hata basi lililopita mara tatu.

"Ngoja," akasema, "kuna mteja." Nikasikia kisu kikikata sukuma, sarafu zikidondoka kwenye mkebe, mtu akiomba aongezwe dania. Ilichukua muda. Aliporudi hakutaja chuo. Aliniambia mkopo wa chama wa ile tiketi yangu ya ndege alimaliza kulipa mwezi wa nane.

"Najua, mathe."

"Hukuwa unajua."

Teyze alikuwa ananiangalia. Akachukua fungu jingine la ısırgan, akalitia kwenye mfuko wangu, akanipungia mkono nisitoe pesa. Mathe aliliona kwenye skrini.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama wa mboga."

Akamtazama kwa muda, kazi yake, vidole vyake.

"Muulize," akasema, "wao wanazipika aje."