Je, Kijana Aende Zanzibar Kucheza?

Tuko Kisangani, pale mto unapomaliza kelele zake kwenye maporomoko ya Wagenia na kuanza kubeba mashua mpaka Kinshasa.

Siku moja kijana wa kwaya yetu alifika kwangu Mangobo juu ya toleka, ile kinga ya kubeba watu. Kijana huyu anapiga gitaa, na rumba anaijua. Mjomba wake wa Dar es Salaam amemwita waende pamoja kwenye Sauti za Busara, sikukuu ya muziki ya Zanzibar. Alitaka barua ya kanisa, kwani mama yake alisema: "Pasteri asipotia sahihi, hauendi."

Niliuliza ni sikukuu gani hiyo. Ilianza mwaka 2004, na hufanywa mwezi wa Februari. Kwa miaka mingi watu wamekusanyika ndani ya Ngome Kongwe, kule Mji Mkongwe, kusikiliza bendi za Afrika na kucheza mpaka usiku. Mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa pesa. Basi hata wakubwa wa muziki wanahesabu mbele ya kucheza!

Kusafiri kwa ajili ya dansi si jambo la ajabu. Kuna watu wa Ulaya wanaovuka bahari kwenda Buenos Aires kucheza tango na watu wasiowajua. UNESCO iliandika tango katika urithi wa dunia mwaka 2009, na rumba yetu ya Kongo mwaka 2021. Dansi zote mbili zina damu ya Waafrika waliopelekwa ng'ambo kama watumwa.

Hapo nilinyamaza kidogo. Njia ya Kisangani na Zanzibar ni ya zamani, na ilianza kwa machozi. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani yetu, mwaka 1887. Alikufa Zanzibar mwaka 1905. Kiswahili tunachohubiri nacho leo kilikuja na misafara ile. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa mahali pale pale. Nilimwambia kijana: "Ukifika, anza pale. Simama kidogo, kisha uende kwenye gitaa."

Lakini sahihi nilikuwa sijatia bado.

Mama yake alikuja mwenyewe kesho yake. Akaniambia: "Pasteri, kaka yake alikufa katika vita ya siku 6, Juni 2000. Huyu ndiye aliyenibakia." Sikuwa na jibu. Barabara ya kupita Nia-Nia na Mambasa kuelekea Uganda si mchezo, kwani waasi wa ADF wameua watu wengi kule Ituri. Na ndege, bei yake inashinda mshahara wangu wa miezi mingi.

Wazee wa kanisa hawakuuliza juu ya barabara. Waliuliza juu ya dansi tu. Niliwajibu hivi: kijana akituaga kwenda kuchimba almasi ao zahabu miezi 6 porini, kwenye pombe na visu, tunamwombea na kumpa ugali wa njiani. Akitaka siku 4 za muziki, tunamwita mbele ya baraza. Je, haki iko wapi? Ninyi mnaokaa kwenye machimbo mnajua ninachosema.

Na mimi niko na deni. Miaka 15 iliyopita nilimfukuza kijana mwingine katika kwaya kwa sababu alionekana akicheza kwenye arusi. Sikumuuliza hata neno moja. Hakurudi tena, wala kwangu, wala kwa kanisa lolote. Mfalme Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano (2 Samweli 6), na aliyemdharau ndiye aliyepata hasara. Mimi nilisahau hayo.

Basi nilitia sahihi. Lakini nilimpa kijana karatasi nyeupe pia, tukasoma pamoja Luka 14, habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Andika, nikamwambia: paspoti, chanjo ya homa ya manjano siku 10 mbele ya kuingia Tanzania, safari ya kwenda na ya kurudi, chakula, na pesa hizo zinatoka wapi.

Alirudi baada ya siku 3. Alikuwa ameona kwamba pesa ya njia ingekula minervali ya dada yake ya mwaka mzima. "Baba Pasteri," akasema, "mwaka huu sitakwenda. Naanza kuweka akiba."

Barua yangu iko ndani ya Biblia yake, tayari. Mama amelala usingizi. Kijana hakuzuiwa na mtu, alijizuia mwenyewe, na Jumapili bado yuko pale mbele na gitaa lake.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Tunakataa safari ya mtoto kwa sababu ya hatari, ao kwa sababu ya maneno ya watu?
2. Ni nani katika jamaa atakayelipa furaha yetu?

Mungu awabariki.