Mrija wa geji ya oili si wa kubania hela

Mitihani imeisha, sasa kichwa kipo kwenye Land Rover kuukuu ya mjomba, ile tutakayoenda nayo Songea. Geji yake ya presha ya oili ni ya kizamani, haitumii umeme. Oili yenyewe inatoka kwenye injini, inapita kwenye mrija mwembamba hadi kwenye dashibodi, jirani kabisa na miguu ya dereva.

Fundi wa mtaani kasema weka mrija wa plastiki, bei poa. Nikamwambia mjomba, hapo hapana. Oili ya injini ikipata moto inafika nyuzi 100, na ina presha. Plastiki ikigusa eksozi inayeyuka. Ikivujia ndani, dereva anaungua mguu akiwa kwenye mteremko. Ikivujia eksozi, gari linaweza kuwaka. Na oili ikiisha, injini inanoki.

Shaba je? Joto inalimudu, ila mtikisiko unaikakamaza mpaka inakatika. Ndiyo maana mafundi wazuri huizungusha mara mbili tatu karibu na injini, ipate kucheza. Bora zaidi ni mpira wa presha uliofumwa kwa waya za chuma. Unapopenya kwenye bodi uvishwe raba, bati lisiukate. Au funga geji ya umeme: sensa inabaki kwenye injini, ndani unaingia waya tu.

Mjomba kakubali mpira wa waya. Ila ananiuliza boom linatoka lini, nichangie! Haya, tuonane kantini.