Punda wa Kitambaa Mjini Istanbul



Msafiri aliyevuma zaidi katika ukoo wetu mwaka huu hana pasi wala viza. Ni punda wa kitambaa mwenye urefu wa shibiri moja, aliyeshonwa Lamu kwa mabaki ya leso na kujazwa sufi. Jina lake ni Mwendapole, nalo alipewa na binti yangu wa miaka saba aliyesikia wazee wakisema kuwa mwenda pole hajikwai.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mama yangu alihitaji upasuaji wa goti na majuma mengi ya mazoezi ya viungo, nami nikaandamana naye hadi Istanbul, Uturuki, kwa siku 58. Binti yangu alibaki Mombasa kwa bibi yake mzaa baba. Hatukuwa tumewahi kutengana hata kwa wiki moja. Siku ya kufunga mizigo alimtia punda mkobani mwangu na kutoa sharti moja: kila jioni nimtumie picha ya mahali Mwendapole alipofika.

Huenda wapo watakaoona kwamba si heshima mtu mzima kuzunguka na mwanasesere. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alirejea kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaona wanasesere wa Bi Aisha (r.a.), na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alipouliza habari zake, Bi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mbawa, naye Mtume akacheka. Mchezo wa mtoto, basi, una nafasi yake hata katika nyumba tukufu.

Wiki mbili za kwanza punda hakufika mbali. Alipigwa picha dirishani, juu ya mto, na kando ya bakuli la supu ya dengu. Mama alikuwa na maumivu, na kila alipoambiwa ainuke atembee hatua kumi, aligeuza uso ukutani. Jioni moja alitazama picha niliyokuwa nikiituma, ya tatu ya dirisha lile lile, akasema, "Mpeleke mbali kidogo, mwanangu. Mjukuu wangu asije akadhani na punda naye ni mgonjwa." Kesho yake aliomba mkongojo wake, akatembea hadi mwisho wa ujia ili punda apigwe picha karibu na paka aliyelala kwenye ngazi. Paka wa Istanbul hawana bwana mmoja. Mtaa mzima huwalisha na kuwawekea maji.

Tangu siku hiyo, mwendo wa Mama ulipimwa kwa picha za punda.

Mahali pa kwanza pa mbali palikuwa uani pa Msikiti wa Sultan Ahmed, uliojengwa kati ya mwaka 1609 na 1616. Binti yangu aliitazama picha, akahesabu minara minne, na kwa kuwa nilikuwa nimemwambia ipo sita, akatuagiza turudi tukamtafutie miwili iliyobaki. Tulirudi. Ndani ya msikiti Mwendapole alikaa mkobani, kwa kuwa pale tuliingia kuswali.

Kisha tulivuka Bosphorus kwa feri, kutoka Eminönü upande wa Ulaya hadi Üsküdar upande wa Asia. Mtu wa Mombasa hawezi kupanda feri ile asiikumbuke Likoni, ingawa huku abiria huketi, huuziwa chai katika bilauri ndogo, na huwarushia shakwe vipande vya simit, mkate wa mduara uliopakwa ufuta. Swali la binti yangu usiku ule lilikuwa moja tu: je, punda alilipa nauli?

Huko Üsküdar tuliuona Msikiti wa Ayazma wa karne ya 18. Juu kwenye kuta zake pamechongwa vijumba vya ndege, vyenye madirisha na vipaa kama vya kasri. Mafundi wa zama za Uthmaniya waliwakumbuka shomoro na njiwa walipokuwa wakimjengea Mola nyumba. Mama alisimama chini yake muda mrefu kuliko daktari alivyoruhusu.

Kisiwa cha Büyükada ndicho kilichomfaa punda wetu kuliko pote. Kama ilivyo Lamu, magari ya kawaida hayaruhusiwi kuzunguka humo. Kwa miaka mingi watu walibebwa kwa magari ya farasi, hadi mwaka 2020 yalipoondolewa kwa sababu ya mateso na maradhi ya wanyama, na mahali pake pakachukuliwa na vigari vya umeme. Nilipomsimulia binti yangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza punda wa Lamu hupumzika siku gani. Ni swali ambalo sisi wa pwani tungefaa kulijibu kwa vitendo.

Katika kasri la Topkapi, kwenye chumba cha athari tukufu ambamo Kurani husomwa mfululizo, kupiga picha hakuruhusiwi. Siku hiyo binti yangu alipata ujumbe wa sauti badala ya picha, nao Mama ndiye aliyeurekodi.

Wiki ya mwisho tulipanda kilima cha Süleymaniye. Mimar Sinan aliumaliza msikiti huo mwaka 1557, na kuuzunguka palijengwa madrasa, jiko la kuwalisha maskini, hamamu na hospitali, ili ibada na huduma ziwe jirani. Mama alipumzika mara nne njiani. Uani, alimketisha punda ukutani, akauegemeza mkongojo kando, akasimama wima pasi na kushikwa. Kabla ya hapo alikuwa amekataa kupigwa picha tangu upasuaji. Jibu kutoka Mombasa lilifika upesi: "Bibi, fimbo yako iko wapi?" Mama akacheka hadi akafuta machozi.

Mama mwenzangu, ukilazimika kusafiri na kumwacha mtoto, mwombe akupe kitu chake kidogo ukibebe. Mtumie picha moja kwa siku, na umwachie nafasi ya kuuliza. Heshimu mahali pa ibada na mahali palipokatazwa kamera. Na ukiwa unauguza, mshirikishe mgonjwa katika safari za kitu hicho. Apange yeye kesho kiende wapi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awarejeshe wasafiri wetu kwa salama. Amin.